Msomaji Wako Anakaa Wapi?

Kabla karo haijanishinda, nilisoma somo la uandishi na uhariri chuoni, na kuna mambo matatu ya darasa lile bado natumia kila siku: rasimu ya kwanza si kazi, kata maneno yasiyofanya kazi, na mjue msomaji wako. Mawili ya kwanza sina ubishi nayo. Siku hizi naandika kwa pesa hapa Matasia, na stima zikipotea ukiwa na kazi ya kutuma usiku huohuo, unajifunza kukata haraka sana.

Hili la tatu ndilo linanisumbua.

Niliandika stori kuhusu mama mboga wa hapa stage, anayekata sukuma huku akimdai makanga wa matatu ya Ngong deni la wiki mbili. Mwalimu akairudisha na wino mwekundu: sukuma ni nini? Makanga ni nani? Msomaji hataelewa. Basi nikaeleza kila kitu. Nikapata alama poa, lakini mama mboga mwenyewe akapotea, hata lile deni halikusikika tena. Hakuna aliyeuliza, hata mimi, huyo msomaji anakaa wapi. Na darasa zima tulikuwa tumekula sukuma jana yake.

Jibu nililipata nikisoma tena "How to Write About Africa" ya Binyavanga Wainaina, iliyotoka katika jarida la Granta mwaka 2005. Wengi huisoma kama mzaha kuhusu wazungu na simba. Mimi naona ni somo la uhariri. Sauti yake ni ya mwalimu anayetoa amri tu, tumia hili, usiguse lile, na kinachokatwa kila mara ni maisha ya kawaida: watu kupendana, watoto kwenda shule wakiwa wazima. Yanakatwa kwa sababu msomaji hakuyatarajia. Mwandishi anayepewa amri hizo anamjua msomaji wake vizuri mno, na hapo ndipo anapoharibikia. Kwa maelezo ya Binyavanga mwenyewe, insha ilianza kama barua pepe ya hasira kwa jarida hilohilo.

Lakini nina kesi nayo. Insha yenyewe bado imewageukia wao. Inawasema vizuri, inawachoma, ila ni wao inaongea nao, na sisi tunacheka tukiwa tumesimama kando. Kwangu, jibu lake kali zaidi ni Kwani?, jarida alilolianzisha na wenzake mwaka 2003, baada ya kushinda Caine Prize ya 2002. Mle Sheng ilichapishwa bila kuombewa msamaha. Huyo ni mhariri aliyejua msomaji wake anashuka stage gani. (Naye pia aliacha chuo, Afrika Kusini. Sisemi hivi kujifariji. Sawa, kidogo.)

Wiki jana nimeifungua ile stori. Sentensi inayoeleza makanga ni nani nimeifuta, na mama mboga ameanza kudai deni lake tena. Ile ya sukuma bado iko. Kila nikitaka kuigusa namsikia mwalimu, na nusu yangu bado inaitaka ile alama.