Mkono Unaosuka Ukili

Ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, husukwa huku maneno yakiendelea. Alasiri barazani, miyaa ikiwa imelowa kidogo isije ikakatika, vidole vya shangazi yangu hupishanisha chane bila macho kuvisimamia. Chane ikikaribia kwisha huchomekwa nyingine juu yake, haifungwi fundo. Ncha zinazobaki nyuma hukatwa kwa kisu baadaye. Pitisha kidole kwenye kiungo hicho: ukili wa fundi hauoneshi ulipoungwa. Hakuna mnunuzi anayekagua hapo. Fundi ndiye anayekagua, kwa raha yake.

Raha hiyo ndiyo inayonishughulisha. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora, jingine likapewa cheti hicho bila kutarajia, la tatu halikupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zilirudishwa darasani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walizishika kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hamu yao ilikuwa palepale. Kwa hiyo zawadi yenyewe haikuwa na kosa. Kilichoharibu mambo ni kuifanya kuwa sababu ya kuchora.

Naufikiria utafiti huo kila ninapoona ukili wa oda, unaolipwa kwa pima. Chane zinapanuka ili pima zitimie upesi, msuko unalegea, mazungumzo yanageuka hesabu.

Hata hivyo asitokee mtu wa kumpunja msukaji kwa kisingizio kwamba anaipenda kazi yake. Miyaa hununuliwa, rangi hununuliwa, na watoto wanasubiri ada. Alipwe vizuri, tena alipwe kwa mkeka uliokamilika, na anayelipa aulize nakshi ile ameipataje. Swali hilo humfurahisha fundi kwa namna ambayo noti haiwezi.

Shangazi huuza mikeka yake yote, na bei hapunguzi. Rangi huchagua mwenyewe. Juzi mfanyabiashara alitaka mikeka ya kijani kitupu, mingi, ya haraka. Shangazi akamwelekeza kwa jirani, kisha akaendelea na zambarau yake.