Picha za zamani zimefika mtandaoni, vipimo vyake viko wapi?

Msomaji, fungua mtandaoni mkusanyiko wa picha za Walther Dobbertin, yule Mjerumani aliyepiga picha nchini kwetu kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ilianza kuziweka Wikimedia Commons Desemba 2008, pamoja na nyingine, zaidi ya 80,000 kwa jumla. Ni zawadi kubwa na sitaki kuonekana mtovu wa shukrani. Unapata jina la mpiga picha, namba ya kumbukumbu, hata onyo kwamba maelezo ya asili yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Onyo hilo nalipongeza.

Ila tafuta kitu kimoja tu: negativu yenyewe ina ukubwa gani? Ni kioo au ni filamu? Kwenye kurasa nilizofungua, hakuna. Kingo nazo zimekatwa, na picha imebaki na pikseli kama 800 upande mrefu. Kwa mtu wa kutazama, inatosha. Kwa mtu wa kupima, amepewa nusu.

Utasema, saizi ya nini tena? Haya, tuchukue rula. Kamera kubwa za zamani zilitumia kipande kimoja kwa kila picha, na kila nchi na mazoea yake. Wajerumani walikwenda kwa sentimita: 9 kwa 12, 13 kwa 18, 18 kwa 24. Waingereza walikuwa na bamba zima la inchi 6½ kwa 8½, nusu bamba 4¾ kwa 6½, na robo bamba 3¼ kwa 4¼. (Ukipiga hesabu, robo ni robo kweli, ila nusu imezidi nusu. Msiniulize mimi.) Wamarekani wakapenda 4 kwa 5, 5 kwa 7, na 8 kwa 10. Sasa angalia: inchi 5 kwa 7 ni milimita 127 kwa 178, na ile ya Kijerumani ni 130 kwa 180. Tofauti ni milimita 3 upande mmoja na 2 upande mwingine! Tena filamu hukatwa pungufu kidogo ya saizi iliyotajwa ili iingie kwenye kishikio chake. Kwa hiyo ushauri wa "pima kisha angalia jedwali" ni mzuri, lakini peke yake utakupoteza.

Ushahidi mwingine uko pembeni. Filamu za vipande mara nyingi zina vipengo vidogo ukingoni, vilivyowekwa ili mpiga picha apapase kwa kidole gizani. Ukisimamisha filamu, vipengo vikiwa kona ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Kwa filamu za Kodak za kabla ya 1949 kuna jambo zito zaidi: kipengo cha kwanza kutoka kona kikiwa na umbo la V, hiyo ni nitrati, kikiwa U, ni asetati. Nitrati huwaka haraka mno na ni ngumu kuizima. Asetati ikioza hunuka siki na kusinyaa, na joto na unyevu wa bonde letu huharakisha yote mawili. Ukikata kingo kwenye skani, umefuta taarifa hiyo yote.

Halafu kuna eksirei. Huku Ifakara wengi wetu filamu kubwa tumeiona hospitali tu, na sentimita 18 kwa 24 ni saizi ya eksirei pia. Hapo geuza filamu: ya eksirei kwa kawaida imepakwa dawa pande zote mbili.

Kinachonikera hasa ni picha za anga. Baada ya 1946, ndege za kikosi namba 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza zilipiga picha maeneo mengi ya Afrika, na inchi 9 kwa 9, yaani kama sentimita 23, ikawa saizi ya kawaida ya upimaji. Wajerumani walizoea sentimita 18 kwa 18. Zote ni mraba. Kwenye skani isiyo na kingo wala rula, utazitofautishaje?

Chukua lenzi ya milimita 152 na ndege iliyo mita 4,560 juu ya ardhi. Kipimo ni 1:30,000. Filamu ya sentimita 23 inafunika kilomita 6.9 kila upande, karibu kilomita za mraba 48. Ukidhani ni ya sentimita 18, unapata kilomita 5.4, karibu kilomita za mraba 29. Msitu wa zamani umeupunguza kwa asilimia 39 ukiwa umekaa kitini, na ukilinganisha na setilaiti ya leo utatangaza kwamba Udzungwa imeota msitu mpya.

Wenzangu watasema tunarekebisha kwa alama za ardhini. Sawa, zipi? Reli ya TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975. Mikondo ya mto Kilombero inahama. Vilele vya milima navyo huonekana vimesogea kwenye picha kwa sababu ya urefu wake. Kwa picha ya miaka ya 1950 ya hapa Mang'ula, zile alama ndogo za kamera zilizoko pembezoni mwa filamu ndizo za kushika, na ndizo mtu anazikata ili picha "ipendeze".

Kwa hiyo ukipewa bahasha ya negativu na mzee yeyote huku, nusa kwanza, tazama vipengo. Yenye V iweke kando, mbali na joto, na usiipeleke kwenye skana. Nyingine zilaze na rula ya milimita pembeni, skani mpaka nje ya ukingo, kisha geuza uskani upande wa pili. Nakala ya kupendeza unaweza kuikata baadaye, kwenye faili jingine.