Juala Gani Liende Nje

Mvulana mmoja wa karibu na soko la Runyenjes aliushika mpira nilioufunga, akaubonyeza kwa vidole gumba viwili kama mama anavyochagua parachichi, kisha akanirudishia. "Anko, huu ni mlaini. Ukigongwa mara tatu utakuwa chapati."

Nilikuwa nimetumia karibu saa nzima kuufunga, tena nikijiita fundi tangu utotoni. Hazikuisha dakika ishirini ukawa chapati kweli, na kamba moja ikaning'inia kama mkia wa mbuzi. Wake ulikuwa mdogo, una nailoni chache kuliko wangu, na jioni hiyo yote haukulegea. Nimekuwa nikiufikiria mpira ule, kwa sababu sisi tuliokua tukicheza mpira wa majuala Embu na Meru tuliamini kwamba ugumu ni wingi: ukitaka mpira mgumu, ongeza juala. Si hivyo. Kuna suala la juala la aina gani, limekaa ndani au nje, na kamba iliyolibana inavutika au haivutiki.

Tuanze na juala lenyewe. Waliokwenda sokoni kabla ya marufuku ya 2017 wanayakumbuka ya aina mbili kuu, hata kama hawakuwahi kuyapa majina. Moja lilikuwa lile jembamba lenye mikono miwili, ambalo ukilikunja linalia kwashakwasha. Darasa zima lingejua una mandazi mkobani. Jingine ni lile laini, linaloteleza, lisilopiga kelele: mfuko wa mkate, pakiti ya maziwa, karatasi za plastiki za kufunikia miche. Yote mawili ni polithini. Yameundwa kwa kitu kilekile, na tofauti iko katika mpangilio.

Mtu wa Maua au Laare, nchi ya miraa kule Meru, ataielewa tofauti hiyo bila kwenda maabara. Chukua vijiti vya miraa vilivyonyooka, uvilaze pamoja, uvifunge. Kibunda kinakaza, hakina nafasi ndani, ukikibonyeza kinakukatalia. Sasa chukua vijiti ambavyo havijapogolewa, kila kimoja kina vitawi vya pembeni. Funga utakavyofunga, kibunda kitabaki na mapengo na kitabonyea. Minyororo ya molekuli katika juala la kelele imenyooka kama vile vijiti vya kwanza, ikalala karibu karibu, ndiyo maana wataalamu huiita polithini ya msongamano wa juu. Katika juala laini minyororo ina matawi. Polithini hii laini ndiyo ya kwanza kupatikana, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza mwaka wa 1933, tena kwa bahati. Ile ngumu ilikuja baadaye: mwaka wa 1953 Mjerumani Karl Ziegler alipata njia ya kuiunda bila mgandamizo mkubwa. Mfuko wenye mikono miwili ulibuniwa Uswidi katika miaka ya 1960, na baadaye ukafika kwenye vibanda vyetu.

Basi hapo ndipo nilipokosea. Nikawaza: juala la kelele ni gumu, kwa hiyo liende nje, liwe ngozi ya mpira. Lakini juala la kelele halivutiki. Ukilivuta upande mmoja linapasuka kwa mstari mnyoofu kama kitambaa kilichokatwa kwa wembe. Likikaa nje, teke la pili linalitoboa, la tatu linalipasua, na kila kilichomo kinaanza kuchungulia. Juala laini likivutwa linanyooka, linakuwa jembamba, linang'ang'ania lililo chini yake. Hilo ndilo la nje. Lile la kelele kazi yake ni ndani, likiwa limefinyangwa na kukunjwakunjwa, kwa maana likikunjwa linabaki na mikunjo inayosukuma kurudi na vijipengo vya hewa kila mahali. Ule ulaji wa nafasi bila uzito ndio unaoufanya mpira uruke kidogo badala ya kutua kama jiwe.

Kuruka kwenyewe ni kudogo, tusidanganyane. Mpira wa kiwandani unaopewa alama ya juu ya FIFA ukidondoshwa kutoka mita mbili unatakiwa urudi juu sentimita 135 hivi au zaidi. Wetu ukiudondosha kutoka begani haufiki gotini. Waliotaka uruke waliweka moyo wa kitu kinachovutika: kipande cha sponji ya godoro, au kondomu iliyopulizwa na kufungwa, mojawapo ya zile zilizokuwa zikitolewa bure zahanati. Wazazi hawakuelewa kwa nini ziliisha haraka hivyo. Kitaalamu lilikuwa wazo zuri, maana utomvu wa mpira hurudisha nguvu ambayo nailoni huimeza. Lakini mwiba mmoja tu, na moyo umekwisha.

Sasa kamba, ambayo kwangu mimi ndiyo sura ndefu zaidi ya habari hii.

Kila teke huubonyeza mpira. Ukibonyea, kiasi fulani cha hewa hutoka kwenye mikunjo na hakirudi chote. Maana yake ni kwamba mpira hupungua unene kidogo kidogo kadiri unavyochezwa. Kamba isiyovutika, hata ukiifunga mpaka vidole viwe vyeupe, inabaki na urefu uleule wakati mpira umepungua, kwa hiyo inalegea. Ndivyo ilivyokuwa ile niliyotumia mimi, uzi wa gunia la nailoni, ambao juu ya hayo huteleza na fundo lake hujifungua lenyewe. Katani inashika fundo vizuri zaidi, na ina tabia ya ajabu: ikilowa inavimba na kufupika, kwa hiyo mvua ikinyesha mpira unakaza. Ikikauka, unalegea kuliko ulivyokuwa. Nyuzi za mgomba, ambazo Meru nzima hufungia miraa pamoja na majani yake, hukaza vizuri zikiwa mbichi na kukatika zikikauka. Zinafaa kwa mpira wa siku moja.

Yule mvulana alikuwa na tyubu. Alikuwa ameikata tyubu ya baiskeli kwa wembe, ukanda mwembamba unaozunguka kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika, na aliivuta karibu mara mbili ya urefu wake kabla ya kuizungusha. Hapo hesabu yote inabadilika. Mpira ukipungua, tyubu inaufuata. Inaendelea kubana mpaka mwisho. Nilimwangalia mkono wake wa kushoto zaidi ya ule wa kulia: kila mzunguko mmoja aliugeuza mpira robo, mzunguko mwingine robo tena, hata mistari ikapishana pande zote na hakuna mahali palipopita miwili sambamba. Mimi nilizungusha upande mmoja kwa muda mrefu, nikabadilisha, nikapata yai.

Kuna watu wengine duniani ambao wamegombana kwa miaka mingi kuhusu jambo hilihili la plastiki ngumu na laini, nao wana vipimo. Ni wacheza gofu ya visahani. Mchezo huo ulipata umbo lake California katika miaka ya 1970, Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyokuwa ikiuza Frisbee, alipobuni kapu la chuma lenye minyororo inayoning'inia. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali, unakisogelea, na mwisho unatumia kisahani cha kumalizia, kinachopaswa kugonga minyororo na kuangukia kapuni. Uzito una sheria: gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa hiyo kisahani cha sentimita 21 kisizidi gramu 174 na kitu. Ugumu ndio ugomvi. Wa plastiki laini wanasema chao kinaikumbatia minyororo na hakidundi kikagonga nguzo na kutoka. Wa plastiki ngumu wanasema laini hubonyea mkononi wakati wa kuachilia, na kingo zake huharibika mapema. Plastiki ya bei rahisi hushika kiganja vizuri ila huchakaa, ile ya bei ghali hudumu ila huteleza ikiwa na umande. Kisahani kimoja kinatengenezwa kwa umbo lilelile katika plastiki nne tano, na mchezaji hununua kadhaa mpaka apate kinachomkubali. Sisi tulichagua kati ya mkate na maziwa.

Wanachokubaliana wote ni kwamba uwanja na hali ya hewa huamua. Hapo Embu inatosha kuwa maabara, kwa kuwa ni kaunti moja yenye nchi mbili. Panda Manyatta au Runyenjes, upande wa mlima: udongo mwekundu, chai, kahawa, mvua ya masika kuanzia Machi. Teremka Siakago au Kiritiri, nchi ya Wambeere: changarawe, jua, migunga yenye miiba. Mpira wa Manyatta una adui mmoja, tope. Nailoni hainyonyi maji, lakini maji hujipenyeza katikati ya matabaka na tope hushika kamba, na ukiweka matambara ndani basi baada ya nusu saa unapiga tofali. Huko mpira unataka ulaini wa nje, kamba chache, kitu cha kuufuta kwa nyasi ukaendelea. Siakago tope si tatizo. Kuna mawe yanayokwangua na miiba inayotoboa, na watoto wengi hucheza pekupeku. Wanafunga kamba nyingi, karibu karibu, ili kamba ndizo zikwanguliwe na si juala. Mpira unakuwa mgumu na kidole gumba cha mguu kinajua. Lakini mwiba ukiingia unatolewa kwa meno, mchezo unaendelea. Mpira wa hewa, hata uwe wa bei gani, ungekuwa umekwenda nyumbani.

Ndiyo maana huwa sikubali mpira wa juala ukiitwa mpira wa maskini tu. Mmarekani Tim Jahnigen aliwaona kwenye televisheni watoto wa Darfur wakicheza na mpira wa takataka, akaenda kutafuta plastiki isiyohitaji hewa. Akaipata kwenye povu la EVA, jamii moja na lile la viatu vya Crocs, na mwanamuziki Sting akagharamia kazi hiyo. Mpira wa One World ulitoka 2010. Ukiubonyeza unarudi wenyewe, mwiba hauudhuru. Swali alilojibu ni lile lile la Siakago. Kinyume chake, ile mipira ya plastiki ya rangi inayouzwa madukani, ya PVC, ina kilainishi kilichochanganywa ili isiwe ngumu kama bomba la maji. Jua hukitoa kilainishi hicho polepole, na baridi hukifanya kisifae: asubuhi ya Julai kule Timau mpira wa namna hiyo unaumiza paji la uso. Mpira wa ngozi nao una mambo yake. Sheria inataka mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na gramu 410 hadi 450, lakini uliojazwa barabara Mombasa, ukipandishwa hadi uwanja wa Kinoru pale Meru, mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, unakaza zaidi kwa sababu hewa ya nje imepungua. Wa juala haujui habari hizo.

Tulikuwa na ujanja mmoja wa mwisho, moto. Juala hutengenezwa kwa kupulizwa na kuvutwa likiwa na joto, kwa hiyo likipashwa tena linajikunyata kutaka kurudi lilikotoka. Ukiupitisha mpira haraka juu ya makaa, ngozi ya nje inajibana na kushikana bila kamba kuongezwa. Ukichelewa kidogo inadondoka matone yanayowaka. Nina kovu mgongoni mwa mkono wa kulia, la ukubwa wa punje ya mahindi, na moshi ule sitamshauri mtoto yeyote auvute.

Tarehe 28 Agosti 2017 majuala ya sokoni yalipigwa marufuku Kenya nzima, na adhabu zikawa faini ya shilingi milioni mbili hadi nne au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ng'ombe walikuwa wakichinjwa na matumbo yamejaa nailoni, na mitaro ya mji wa Embu ilikuwa imeziba. Lakini kwa fundi wa mpira, siku ile moyo wa kelele ulitoweka. Mifuko iliyokuja badala yake, ile inayofanana na kitambaa, ni nyuzi za plastiki nyingine zilizobandikwa pamoja kwa joto. Ikisuguliwa inatoa manyoya, ikivutwa inachanika, na ndani ya mpira inalala tu bila kusukuma. Vifungashio vya viwandani viliruhusiwa, kwa hiyo mkate na maziwa vilibaki. Watoto wana ngozi nzuri ya mpira, ila hawana tena cha kuweka ndani.

Nilimuuliza yule wa Runyenjes moyo wa mpira wake ni nini. Alisita, akamtazama mwenzake, kisha akaufungua ukanda wa tyubu mizunguko kadhaa. Juu kulikuwa na pakiti za maziwa, zimeoshwa. Chini yake mfuko wa mkate. Katikati palikuwa na chupa ndogo ya soda ya plastiki, ameiminya mpaka ikawa bapa, akaikunja mara tatu, akaifunika na soksi.

"Chupa haikubali kukaa ikiwa imekunjwa," akasema. "Inataka kufunguka saa zote."

Akaanza kuufunga upya, robo kwa robo.