Bibi ambaye si malaika

Kwetu huku bibi akiandikwa, anaandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya hotuba ya msiba: alikuwa mpole, alikuwa nguzo ya familia, hakumkosea mtu. Ya pili ni ile ya kazi zetu za mwisho wa masomo: bibi anakuwa «mhojiwa namba 14», mwanamke, zaidi ya miaka 60, shughuli kuu uvuvi na kilimo, ndiyo, hapana, sijui. Hotuba inamgeuza malaika, fomu inamgeuza namba. Katika zote mbili hapumui.

Njo maana nataka kuwaongelea kitabu kimoja ambamo bibi anapumua. Tena anavuta sigara kwa kujificha, anadanganya mtoto pale inapofaa, anaingia nyumba ya jirani iliyofungwa bila kuomba ruhusa ya mtu, na asubuhi ya sura ya kwanza anatafuta meno yake ya bandia chini ya maua. Kitabu kinaitwa Sommarboken, maana yake kitabu cha majira ya joto. Kiliandikwa na Tove Jansson, mwanamke wa Ufini aliyeandika kwa Kiswidi, na kilitoka mwaka 1972. Wanaosoma Kifaransa wakitafute kwa jina Le Livre d'un été. Jansson anajulikana zaidi duniani juu ya hadithi za watoto za Moomin, lakini hiki ni kitabu cha watu wazima. Kina sura 22, fupi fupi. Sura moja unaimaliza ukingoja umeme urudi.

Tuanze na mahali, juu mtu wa kilimo anaanza na udongo. Ni kisiwa kidogo katika Ghuba ya Ufini, kwenye Bahari ya Baltiki. Jiwe kila upande, na juu ya jiwe udongo mwembamba. Maji ya bahari pale yana chumvi kidogo sana, kwa hiyo samaki wa mito na maziwa wanaishi pamoja na samaki wa bahari. Majira ya joto ni mafupi, lakini siku ni ndefu: mwisho wa mwezi wa sita, Helsinki inapata mwanga wa jua karibu saa 19 kwa siku. Kila kitu kinaharakisha kuota, kuzaa na kufa.

Kisiwani wanaishi watu watatu: bibi ambaye hatupewi jina lake, mjukuu wake Sophia, na baba ya Sophia. Baba anafanya kazi kwenye meza yake, anatega nyavu, anahangaika na mimea yake, na karibu haongei. Mama amekufa. Jambo hilo linasemwa katika sentensi moja tu, kiisha kitabu kinaendelea na mambo mengine. Jansson mwenyewe alikuwa amempoteza mama yake mwaka 1970, miaka miwili tu kabla ya kitabu kutoka, na Sophia na baba yake wametokana na mdogo wake Lars na binti ya Lars.

Wengine watauliza: sasa kunatokea nini? Kunatokea kidogo. Paka anapendwa mno na mtoto, ila yeye anapenda kuwinda ndege tu. Ukame unashika, baba anatafuta namna ya kuleta maji kwa mimea yake. Jirani tajiri anajenga nyumba kubwa kwenye kisiwa cha karibu na anasimamisha kibao cha kukataza watu. Mwezi wa nane unafika, giza linarudi usiku, vitu vinaanza kuingizwa ndani. Mtu aliyezoea filamu za Nigeria atasema hakuna hadithi. Kumbe hadithi iko, na inaanza mapema: katika sura ya kwanza mtoto anauliza waziwazi bibi atakufa lini. Bibi anajibu kwamba ni karibuni, na kwamba hilo halimhusu. Kiisha wanaenda zao kuoga baharini. Mtoto aliyefiwa anafundishwa kuishi na mwanamke ambaye naye yuko njiani kuondoka, na masomo yote yanapita katika kazi za siku: kuokota kuni, kuchonga miti, kuangalia upepo.

Angalieni sura ya dhoruba. Familia imekwenda kuvua kwenye kisiwa cha mbali. Sophia anachoka na utulivu, anamwomba Mungu atume kitu, chochote. Dhoruba kubwa inakuja, na mtoto anaingiwa na hofu kwamba yeye njo aliyeileta na watu watazama juu yake. Bibi wa hotuba zetu angemkumbatia na kumwambia Mungu ni mwema. Bibi huyu anadai kwamba yeye aliomba dhoruba kwanza, mapema kabla ya mtoto, kwa hiyo dhoruba ni yake. Mtoto anatua mzigo. Ni uongo, ndiyo. Lakini ni uongo wa mtu aliyemsoma vizuri mtoto aliye mbele yake, akajua kwamba saa ile mahubiri yasingemsaidia kitu.

Sasa nije kwenye fani yangu. Kuna mahali kitabu kinaeleza juu ya ile mimea midogo ya kijani, isiyo na maua, inayofunika mawe sawa vile mkeka. Ukiikanyaga mara moja, inainuka mvua ikinyesha. Mara ya pili haiinuki. Mara ya tatu inakufa. Na bata wa bahari ni vilevile: ukimtisha mara ya tatu kwenye kiota chake, harudi tena. Sisi somo hili tulilipata iniversite kwa maneno marefu na mchoro ubaoni, na wengi walilikariri usiku wa mtihani. Jansson analiweka chini ya mguu. Uharibifu hauendi kwa hatua zinazolingana: hatua ya tatu haina uzito kuliko ya kwanza, lakini njo inayoua. Yeyote aliyeona kilima kikilimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzika anajua kinachosemwa hapa.

Sura ya nyungunyungu, mnyoo wa udongo, nayo ningeipa kila mwanafunzi wa kilimo. Sophia anachimba, chombo chake kinakata mnyoo vipande viwili. Anashtuka, anaanza kuogopa vidudu vyote vidogo. Kiisha anaamua kutunga kitabu juu ya wanyama waliokatika: yeye anasema, bibi anaandika. Mtaalamu atasahihisha mambo kadhaa. Kwa kawaida ni kipande chenye kichwa tu kinachoweza kuota mkia mpya, kile kingine kinakufa. Lakini angalieni namna kazi inavyofanyika. Anayejua zaidi njo anayeshika kalamu, na anayejua kidogo njo anayeachiwa nafasi ya kusema mpaka mwisho. Tuwaze sisi tunavyofika kijijini na fomu zetu: sisi tunashika kalamu, sisi tunakata maneno, na mama mzee akianza kueleza vile mvua zilivyokuwa zamani, tunaangalia saa.

Sura iliyonishika zaidi ni ile ya hema. Bibi alikuwa zamani kiongozi wa skauti, na ni juu ya juhudi zake wasichana wadogo waliruhusiwa kuwa skauti. Sasa Sophia amekwenda kulala katika hema peke yake, anaogopa, anarudi usiku kwa bibi. Bibi anataka kumweleza namna ilivyokuwa kulala katika hema, na hawezi. Mambo yanamteleza. Alikuwa nayo maisha yote, na siku yanapohitajika hayaji, juu miaka mingi hakuna aliyemuuliza. Basi mtoto anageuza kazi: yeye ambaye amelala kidogo tu katika hema anamweleza bibi kunasikika nini mle ndani. Hakuna mahali katika kitabu ambapo mwandishi anatuambia tuhuzunike. Lakini kwangu mimi hapo njo moyo wa kitabu. Ujuzi wa mzee hauishi kama mahindi ghalani, kwamba tutakuja kuuchukua siku tukipata pesa za utafiti. Unaishi wakati unatumiwa, kati ya watu wawili wanaofanya kitu pamoja. Kazi ikikatika, maneno yanafuata.

Sasa lawama, juu kitabu hiki nacho kina mahali kinapoficha. Katika majira yote ya joto hatuoni pesa ikimtesa mtu. Nyavu zinategwa, lakini hakuna siku nyumba inalala njaa juu nyavu zimetoka tupu. Vinavyokosekana vinaletwa na mashua. Mtu ambaye kweli anaishi na kile bahari inatoa ni Eriksson, mvuvi anayepitapita, na kitabu kinampenda, kinamfanya wa ajabu kidogo, kiisha kinamwacha aende. Bibi wa Jansson ana nafasi ya kuchonga wanyama wa miti na kutembea kwa mkongojo siku nzima kwa sababu mtu mwingine, mahali pengine, amelipa. Uhuru wake ni wa kweli, lakini una gharama ambayo kitabu hakiihesabu.

Kwetu jambo hili linaonekana haraka. Kutoka Uvira kuteremka mpaka Kalemie, bibi wa familia ya wavuvi anaamka kabla ya mitumbwi kurudi. Wanaume wamevua usiku na taa, usiku ambao mwezi hauangazi. Asubuhi ndagala wanamwagwa, na yeye anaanika juu ya mchanga au mawe, anageuza, anafukuza kuku, anaangalia wingu. Kiangazi kwake ni majira ya kazi: jua njo mtambo wake wa kukausha. Na sasa kiangazi chenyewe kinabadilika. Mwaka 2024, ng'ambo upande wa Tanzania, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kutoka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa. Kama mtu wa kilimo naelewa hesabu hiyo. Ni ileile ya mkeka wa kijani unaokanyagwa mara tatu. Lakini hesabu nyingine, ya mwanamke ambaye miezi ile mitatu mchanga wake ni mtupu, nani anaishika? Kitabu cha Jansson hakiwezi kuijibu. Sisi tungeweza, kama tungejua siku yake inavyokwenda kutoka alfajiri mpaka usiku.

Njo maana nasema kasoro ile haikiui kitabu. Inatuonyesha tu nafasi iliyobaki wazi. Jansson alichukua bibi mmoja, kisiwa kimoja, majira mamoja, akakataa kumpamba. Hakumfanya mfano wa hekima ya wazee. Alimwacha na hasira yake, moyo wake mgonjwa, meno yake yaliyopotea na ukaidi wake mbele ya kibao cha jirani. Hata sura ya mwisho haimtakasi: usiku wa mwezi wa nane yuko nje gizani, anasikia kama injini ya mashua inapita baharini, anasikiliza, anatambua kwamba ni moyo wake unaopiga. Anakaa pale. Hakuna maneno ya kuaga.

Kwa hiyo, ukikipata, anza na sura ya hema, kiisha rudi mwanzo. Na kama bado una bibi, koko au kambo, vyovyote mnavyomwita kwenu, usiende kwake na orodha ya maswali na simu ya kurekodi. Enda asubuhi, wakati ndagala wanamwagwa, muombe akuonyeshe namna ya kugeuza. Atakucheka namna unavyoshika. Kiisha ataanza kuongea mwenyewe.