"Umbali Salama": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Udereva

Istilahi yaweza kupendeza masikioni na bado ikampotosha mtumiaji, kwa kumfanya adhani ameelewa. "Umbali salama", maneno yaliyozoeleka katika maagizo wanayopewa madereva wa kazini, ni istilahi ya namna hiyo. Makala haya yanakusudia kuipima mahali inapotumika: Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.

Tuanze na dhana yenyewe. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, yaani mwendo wa juu unaoruhusiwa na sheria katika miji ya Tanzania, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva aonapo taa nyekundu za gari la mbele, hupita muda kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Ndipo gari nalo lianze kupunguza mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kufunga breki huongezeka kama mara nne, na barabara ikilowa huzidi tena. Ndiyo maana wakufunzi wengi wa udereva duniani hupima nafasi hii kwa muda: sekunde mbili baina ya gari na gari, na nne wakati wa mvua.

Sasa tuitazame istilahi. "Umbali" hutaja masafa bila kueleza ni ya nini wala yapimwe vipi. "Salama" hutaja matokeo, ambayo dereva huyajua akiisha kufika. Aambiwaye "zingatia umbali salama" hana njia ya kujua kama ametii. Ajali ikitokea, agizo humlinda aliyeliandika kuliko aliyepewa. Hii ndiyo kasoro kubwa, nasi tunaoandika maagizo ya ofisini hatuna budi kuikiri.

Kasoro ya pili hudhihirika Kariakoo. Dereva wa kenta ya mizigo aachapo nafasi mbele yake, bajaji huchomekea, ikafuatwa na bodaboda, kisha mkokoteni. Naye huhitimisha kuwa umbali salama ni jambo la vitabuni. Istilahi imemsaidia kukosea, kwani imemwonyesha umbali kama kiwanja, ambacho kikivamiwa ndio basi. Kumbe nafasi hii huundwa upya kila mara: akiingia mwingine, dereva hulegeza mwendo na kuianza tena nyuma yake. Tena kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, sekunde mbili ni takriban mita 11 tu.

Wapo wapendao "umbali wa kufuatana". Lakini kiambishi -an- huashiria kutendana, hali wajibu huu ni wa dereva wa nyuma. Wa mbele hamfuati mtu. "Nafasi ya kusimama" nayo huleta picha ya abiria waliokosa viti, au ya mahali pa kuegesha gari. "Nafasi ya kusimamia" ni sahihi kisarufi, lakini msomaji wa ofisini atafikiria usimamizi.

Tunapendekeza "nafasi ya breki". Istilahi hii ni fupi, nayo hutaja kazi ya nafasi hiyo. Dereva akiisikia, hujiuliza swali linalofaa: nikifunga breki sasa, nitasimama kabla ya kugonga? Agizo kamili litasomeka hivi: "Acha nafasi ya breki ya sekunde mbili, mvua ikinyesha, sekunde nne." Agizo hili lapimika, na mtu aweza kulitii.

Huenda tukaambiwa kuwa "breki" ni neno la kigeni. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Kiingereza, kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na hakuna anayeliona geni. Aidha, huduma ya mabasi yaendayo haraka ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, wananchi waliliacha jina refu la kiofisi wakasema "mwendokasi". Watumiaji huchagua neno fupi linaloonyesha kitu, nasi tukichelewa huchagua bila sisi.

Walimu na wafasiri wanaombwa waijaribu istilahi hii mbele ya madereva wenyewe kabla ya kuikubali au kuikataa. Neno ambalo dereva hawezi kulitumia akiwa nyuma ya gari lililosimama ghafula, halijamaliza kazi yake.