Picha 42 Zilizotoka Bure Rahaleo

Ninyi mliozitazama picha 42 za ile nyumba ya wageni ya Rahaleo, hapa Mtwara, zilipoenea katika simu za watu mwanzoni mwa msimu wa korosho uliopita, mtakumbuka kuwa hapakuwa na ukuta uliopinda wala dirisha lililoungua kwa weupe. Kijana aliyezipiga alizima taa za njano, akangoja mwanga wa saa tatu asubuhi, akaisimamisha kamera juu ya stendi usawa wa kitasa cha mlango. Kazi ilikuwa safi. Kosa lilitendeka uani, kabla kamera haijatoka mkobani, na ni kosa nisiloweza kulitafutia udhuru.

Mwenye nyumba, mtu mzima aliyezoea kulipa mafundi, alimwuliza bila kuzunguka, "Ujira wako kiasi gani, mwanangu?" Kijana, aliyekwisha kumpa shikamoo kwa taadhima, akajibu, "Hapana neno, mzee wangu. Ukinitaja kwa wenzako yatosha." Nilikuwapo, nimeketi barazani na kikombe cha kahawa mkononi, nikamwona mzee akiurudisha mkono uliokuwa umekwisha kuingia mfukoni mwa kanzu.

Utazameni mkono ule kwa makini. Mpiga picha za vyumba hapa Mtwara anaweza kuzunguka kutoka Shangani hadi Ligula mwezi mzima asipate mtu wa kumwuliza bei, na swali hilo likitoka kinywani mwa mteja mwenyewe, sehemu ngumu ya biashara huwa imekwisha. Iliyobaki ni kutaja kima, kupokea arbuni, na kuafikiana siku ya kukabidhi. Tena swali lile lilikuwa na thamani zaidi kwa sababu ya yaliyopita. Bomba la gesi lilipokuwa likijengwa kwenda Dar es Salaam, kabla ya kuzinduliwa mwaka 2015, nyumba za wageni ziliota mjini kama uyoga, na wapiga picha kutoka mbali wakaja na lenzi pana kupita kiasi, wakakivuta chumba cha hatua nne kikawa ukumbi na kitanda kikawa jahazi. Wageni walipofika wakajiona wamehadaiwa, na wenye nyumba wakaapa kutotoa tena senti kwa picha. Lenzi hiyo nimeilaumu katika safu hii mara nyingi, na sijachoka. Basi mzee aliyeshuhudia hadaa ile alikuwa tayari kulipa tena, na jibu alilopata ni kwamba picha hazina bei.

Asiyelipwa hana masharti, na hapo ndipo hasara ilipozaana. Picha zilikabidhiwa zote kwa ukubwa wake kamili, bila neno la nani azitumie na wapi. Kabla ya mwezi kwisha, seremala aliyevichonga vitanda alikuwa amezitia katika tangazo lake, na muuza rangi amezitundika dukani. Watu hao wawili walikuwa wateja! Kazi ya asubuhi moja ilikuwa na walipaji watatu ndani yake: mwenye vyumba, mwenye vitanda na mwenye rangi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha kama inavyokilinda kitabu, lakini ni vigumu kuitafuta haki katika jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliwekea mpaka. Nako kutajwa alikokuomba alikupata: alitajwa hadi Chikongola kuwa ni yule anayepiga bure.

Wanaomtetea hunitolea mfano wa Airbnb, kampuni ya kupangisha malazi mtandaoni, ambayo waanzilishi wake mwaka 2009 walikwenda New York na kamera ya kukodi, wakawapigia wenyeji picha za nyumba zao bila malipo, na mapato yakapanda. Ni kweli, ila kampuni ile ilikuwa na fungu lake katika kila usiku uliolipiwa na mgeni. Picha ilikuwa chambo, samaki ni wao. Kijana wetu hana fungu katika kitanda cha mtu.

Mimi nina mfano wangu: Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1930, alipiga picha za Sultani na za watu wa kawaida, na kwa miaka mingi kuta za duka lile zikajaa kazi zake mwenyewe, zikimwonyesha kila aingiaye kile atakachokilipia. Kielelezo hukaa mkononi mwa fundi. Kijana angeipiga sebule ya shangazi yake, akasafisha picha sita kwenye karatasi nzuri, akazipeleka kwa wenye nyumba wakati uleule alioenda, maana wakati aliuchagua vyema: minada ya korosho ya stakabadhi ghalani ikianza Oktoba, vyumba hujaa wanunuzi na mifuko ya wenye nyumba hupata uzito.

Mzee sasa ameongeza vyumba vinane upande wa nyuma. Rangi imekauka, vyandarua vimefungwa, na juma lililopita alimtumia kijana salamu aje na kamera, kwa utaratibu uleule wa kwanza. Hadi ninaandika haya kijana hajapeleka jibu.