Ryse: Upanga Usiokosea

Katika Ryse: Son of Rome (Crytek, 2013), adui akishalegea mwili wake unang'aa bluu au njano. Bonyeza kitufe cha rangi hiyo. Kamera inasogea, Marius Titus anamkata mkono, kisha anammaliza. Sasa jaribu kutobonyeza kitu. Anauawa vilevile! Unachokosa ni zawadi tu.

Makosa ya historia nayasamehe: Commodus kafanywa mtoto wa Nero, ilhali alizaliwa zaidi ya miaka 90 baada ya Nero kufa, na Colosseum imeshasimama kabla ya wakati wake. Watunzi wa tamthilia wamefanya makubwa kuliko hayo. Lakini hii ni hadithi ya kisasi, mtu kachinjiwa wazazi na dada yake, na kisasi bila mkono unaoweza kukosea ni maonyesho tu. Mimi mwenye kushika kidhibiti nimegeuzwa mtazamaji wa jukwaani, nasubiri damu.

Niliyoirudia kwa hamu ni ile sehemu ya askari kusonga pamoja nyuma ya ngao. Pale ukichelewa kutoa amri ya kuziinua, mishale inakupata kweli.